Mti wako wa matunda adimu una shida gani? Vunja jani kwanza, kisha chimba mizizi

Watu wanaopanda matunda adimu nyumbani hapa Uganda wanazidi kuongezeka, na maswali wanayoleta kitaluni yanafanana: majani yanaungua, mche haukui, maua hayaji, matunda yanadondoka. Karibu kila anayeuliza ameshanunua dawa. Inaniuma kuona mangostini iliyotunzwa kwa miaka ikinyunyiziwa dawa ya kuvu wiki baada ya wiki ilhali tatizo lake liko chini ya udongo, au familia nzima ikisubiri doriani kutoka kwenye mti ambao si mdoriani.

Ninavyoona, shida nyingi za miti hii kwenye viwanja vyetu si magonjwa. Ama mti si ule uliouziwa, ama mahali si pake, ama mizizi inakosa hewa. Dawa haiponyi hata moja kati ya hayo matatu. Kwa hiyo fuata mpangilio huu unapotafuta chanzo: hakikisha jina la mti, pima mahali uliposimama, chimba uone mizizi. Wadudu na kuvu wachunguze baada ya hapo.

Dalili: mti haufanani na ulichonunua

Hajati mmoja wa Bombo alinunua miche ya "doriani" kando ya barabara. Nilipoitwa kuitazama ilikuwa imefika kiunoni, imenona, ya kijani kibichi kabisa. Nikamwambia, "Hajati, vunja hilo jani pale kwenye kikonyo." Akavunja. Utomvu mweupe ukachuruzika, mzito, ukamnata vidoleni hata kitenge kikashindwa kuufuta. Akautazama, akanitazama. "Ffene?" Ndiyo Hajati, fenesi. Aliyemuuzia alimtoza bei ya doriani kwa mche ambao ndege na watoto wanaupanda bure kila kona ya Buganda.

Kuvunja jani ni kipimo cha bure na kinamaliza ubishi mwingi. Mdoriani hauna utomvu mweupe. Geuza jani lake: upande wa chini unang'aa rangi ya shaba au dhahabu iliyofifia, kwa sababu umefunikwa na magamba madogo sana. Jani la fenesi chini yake ni kijani cha kawaida tu. Champedaki, ambayo ni ndugu wa fenesi, ina utomvu mweupe pia, lakini vitawi vyake vichanga vina manyoya ya kahawia unayoyahisi ukipitisha kidole. Vya fenesi ni laini. Ukiuziwa champedaki yenye vitawi visivyo na manyoya, rudisha. Tahadhari moja: mche mchanga wa fenesi unaweza kutoa majani yaliyochanika pembeni, ukadhaniwa kuwa mshelisheli. Subiri majani ya baadaye. Ya mfenesi yatatoka mazima, ya mshelisheli yataendelea kuwa makubwa yenye michaniko mirefu.

Mangostini hutoa utomvu wa manjano. Majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana, ni mazito kama ngozi, na huwa na urefu wa sentimita 15 hadi 25. Ukuaji wake ndio ushahidi mkubwa zaidi: ni wa polepole mno. Mche wa mwaka mmoja au miwili unaweza kuwa na jozi chache tu za majani. Ukiuziwa "mangostini" iliyoruka mita nzima kwa mwaka, tena yenye majani marefu membamba yanayoning'inia, huenda ni ndugu yake mwenye matunda ya manjano yenye ncha, makali kwa uchachu. Huyo naye hutoa utomvu wa manjano, kwa hiyo hapo utomvu peke yake hautoshi; pima jani na mwendo wa ukuaji. Musaali wetu wa msituni ni wa ukoo huohuo, nao huwachanganya watu.

Shokishoki, lichi na longani ndizo zinazosumbua zaidi, kwa sababu zote tatu jani lao limegawanyika katika vijani vidogo vilivyopangwa pande mbili za mshipa mmoja. Vijani vya lichi vimechongoka kwenye ncha, juu vinang'aa kijani iliyoiva na chini vina rangi ya kijivu. Vya shokishoki ni vipana zaidi, ncha yake butu, na chini yake havina ule ukijivu. Longani huwa na vijani vingi zaidi kwa jani moja, kingo zake zina mawimbi kidogo. Kama una wasiwasi, usiamue kwa jani moja changa. Chukua jani la katikati ya tawi, lililokomaa.

Ukoo wa stafeli utaujua kwa pua. Sugua jani: la mstafeli linatoa harufu kali, na juu linang'aa sana. La mtopetope limefifia, jembamba, halina mng'ao huo. La cherimoya chini yake ni kama mahameli. Chiku, yaani sapodila, hutoa utomvu mweupe, lakini majani yake yamejikusanya mwishoni mwa vitawi na ni madogo kuliko ya fenesi. Mtofaa na ndugu zake, jambula akiwemo, nyanyua jani dhidi ya jua: utaona vitone vidogo vya mafuta vinavyopitisha mwanga.

Na wala usidharau vya kwetu. Mwafu, mti wa empafu, unazidi kuwa adimu kwa sababu unakatwa kwa mbao. Gome lake likikatwa hutoa ulimbo wenye harufu kama ya tapentaini, na majani yake yaliyogawanyika yamekusanyika kwenye ncha za matawi. Mingi ni dume au jike, kwa hiyo mwafu mmoja ulio peke yake unaweza kusimama miaka yote bila kuzaa hata empafu moja. Jambo hilo likurudie kichwani tukifika kwenye habari ya kutozaa.

Pale ambapo vipimo hivi havimalizi ubishi, kata kitawi chenye majani kadhaa, pamoja na ua au tunda kama lipo, kikaushe kati ya kurasa za gazeti chini ya kitu kizito, ukipeleke kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa pale Chuo Kikuu cha Makerere. Jani moja lililonyauka mfukoni halimsaidii mtaalamu yeyote. Pia Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898 kujaribia mimea ya kigeni, ni mahali pazuri pa kuzoeza macho kwa miti iliyokomaa.

Dalili: mbegu haioti

Swali la kwanza: mbegu ilikuwa mbichi? Mbegu za mangostini, doriani, shokishoki, lichi na fenesi hazivumilii kukauka. Haziwekwi akiba kama mahindi. Ya lichi ikishatolewa kwenye tunda hupoteza uhai ndani ya siku chache, ya shokishoki ndani ya wiki moja hivi. Ukiona mbegu kavu za mangostini zinauzwa kwenye pakiti, umeona mbegu zilizokufa, hata picha iwe nzuri namna gani. Usiziweke kwenye friji pia. Baridi inaua nyingi za hizi.

Osha nyama yote ya tunda, kwa sababu sukari iliyobaki huita kuvu na sisimizi, kisha panda siku hiyohiyo kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, kivulini. Shokishoki na doriani zilaze ubavu.

Stafeli na topetope ni kinyume kabisa. Mbegu zao ni ngumu, zinavumilia kukauka, na zinachelewa. Stafeli inaweza kuota ndani ya mwezi, topetope ikachukua hadi miezi mitatu. Watu wengi humwaga udongo wa kitalu wiki moja kabla mbegu haijachomoza. Vumilia, na udongo usikauke.

Dalili: mche uko hai lakini haukui

Hapa ndipo Uganda ina habari yake ya pekee. Vitabu vingi vya matunda haya viliandikwa kwa nchi za Kusini-mashariki mwa Asia, ambako miti hii husimama karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko juu. Uso wa Ziwa Victoria peke yake uko mita 1,134. Kampala ni kama mita 1,200, Fort Portal karibu 1,500, Kabale inakaribia 2,000. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa takriban nusu nyuzi na zaidi kidogo. Doriani hulimwa zaidi chini ya mita 800, na mangostini nayo hupenda mabonde yenye joto. Usiku wa Kampala hushuka hadi nyuzi 17 hivi, na miti hii ukiipa chini ya nyuzi 20 hupunguza mwendo. Haiugui. Inangoja joto.

Kwa hiyo mkazi wa Kampala mwenye mangostini isiyokua asinunue mbolea zaidi. Mbolea nyingi kwenye mizizi dhaifu ya mangostini inaiunguza, kwa kuwa mizizi hiyo ina vinyweleo vichache sana vya kunyonyea. Ipe kivuli cha nusu kwa miaka ya mwanzo, ikinge na upepo, weka matandazo, na kubali kwamba itachukua muda mrefu kuliko ilivyoandikwa. Aliye kwenye bonde la Ziwa Albert, ambalo maji yake yako kama mita 620, au kwenye tambarare za Semliki upande wa Bundibugyo, ana nafasi nzuri zaidi kuliko sisi wa Wakiso na Mukono. Natamani wakulima wa huko wangejua utajiri huo. Joto wanalolilalamikia ndilo ambalo doriani inalitafuta.

Na aliye Kabale asilie. Cherimoya asili yake ni milima ya Andes, na inafurahia ubaridi ambao ungeidumaza shokishoki. Jabotikaba, tunda jeusi la Brazili linalozaa kwenye shina, nayo inavumilia hali ya Kampala vizuri, ila ukiipanda kwa mbegu jiandae kungoja miaka minane au zaidi.

Kama mwinuko unafaa na bado mche umedumaa, toa kifuko. Mizizi iliyozunguka ndani ya kiriba cha plastiki mara nyingi haijinyooshi baada ya kupandwa. Inaendelea kuzunguka, ikinenepa, mpaka inaukaba mti wenyewe. Ukikuta hivyo kwenye mche mdogo, kata kwa kisu kikali ile mizizi iliyojikunja pembeni na chini, kisha panda. Fanya hivyo kwa stafeli, fenesi au lichi bila hofu kubwa. Kwa mangostini usiguse mizizi. Chana kiriba, panda na udongo wake wote.

Dalili: majani yanaungua au kuwa manjano

Angalia ni majani gani na sehemu gani ya jani. Hilo linatenganisha sababu karibu zote.

Bakabaka kavu katikati ya jani, upande unaopigwa na jua la mchana: ni jua. Hutokea sana mche ukitolewa kivulini kitaluni na kupandwa uwanjani siku hiyohiyo. Chomeka matawi ya mnazi au mfuko wa gunia upande wa jua, uondoe kidogo kidogo.

Ncha na kingo kukauka, ukianzia majani ya zamani: fikiria chumvi ya mbolea, au uhaba wa potasiamu, au kiangazi. Kama uliweka samadi mbichi ya kuku karibu na shina, sababu umeshaipata. Mwagilia maji mengi kwa mara moja ili yashushe chumvi, na usiweke mbolea tena mpaka majani mapya yatoke safi. Kiangazi cha Desemba hadi Februari huwa kikali kwa shokishoki hata karibu na ziwa. Matandazo mazito ya majani ya migomba yanasaidia kuliko dawa yoyote, mradi yasiguse shina.

Majani machanga kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani: mti unakosa chuma. Udongo wetu mwekundu una uchachu wa asili, na kwa kawaida chuma kipo tele. Tatizo huwa ni binadamu: jivu la jikoni lililomwagwa shinani kila asubuhi, au kifusi cha saruji kilichozikwa pembeni mwa ukuta mpya. Jivu na chokaa hupunguza uchachu, na chuma hakinyonyeki tena. Jabotikaba na tunda la miujiza, ile beri ya Afrika Magharibi inayofanya limau lionekane tamu, ndizo huumia kwanza. Acha jivu, chimbua kifusi, weka mboji. Jivu ni zuri kwa migomba, peleka huko.

Majani ya zamani kuwa manjano yote, mti mzima ukififia: naitrojeni. Majani ya zamani kuwa manjano pembeni huku katikati kukibaki umbo la kijani lililochongoka kuelekea ncha: magnesiamu. Mambo haya mawili hayana dharura.

Majani yote kuwa manjano na kulegea wakati udongo umelowa: hiyo ina dharura. Endelea hapa chini.

Dalili: mti umenyauka ghafla

Usimwagilie kabla ya kuchimba. Mizizi inayooza kwa maji mengi na mti wenye kiu huonyesha majani yaleyale yaliyolegea, na ndoo moja zaidi inaweza kumaliza kazi.

Chimba taratibu kwa mkono, hatua moja kutoka shinani, mpaka ukute mizizi midogo. Mizizi mizima ni ya rangi ya krimu, inakatika kwa mlio. Iliyooza ni ya kahawia, ukiivuta ganda linatoka kama soksi na kubaki uzi katikati, na inanuka tope la kinamasi. Kisha kwangua gome kidogo kwa kisu pale shina linapoingia udongoni. Chini ya gome panatakiwa kuwa kijani au nyeupe. Pakiwa na kahawia yenye unyevu, hasa kwenye doriani au parachichi, ni ugonjwa wa fitofthora, ambao husafiri na maji ya udongo na kupenda mahali paliposimama maji.

Viwanja vingi vya Kampala na Wakiso vilivyo bondeni vilikuwa kinamasi. Kabla ya kupanda mti wowote wa thamani, chimba shimo, jaza maji, rudi kesho. Maji yakiwa bado yamo, usipande humo. Jenga tuta la udongo la nusu mita kwenda juu, upana wa mita mbili, upande juu yake. Kwa mti ulioshikwa tayari, ondoa matandazo na udongo uliolundikwa shinani, chimba mfereji wa kutoa maji, kwangua sehemu iliyooza mpaka gome zima, upake dawa ya shaba. Mti ambao shina limezungukwa na uozo pande zote hauponi. Ung'oe, uuchome, na usipande doriani wala parachichi pale.

Kama mizizi ni mizima, tafuta njia za udongo mkavu juu ya shina: mchwa. Huingia sana kiangazi kupitia matandazo makavu yaliyogusa gome. Vunja njia zao, sogeza matandazo umbali wa shibiri mbili, na mwagilia.

Dalili: mti mkubwa, mzuri, hautoi maua

Umri kwanza. Kutoka mbegu, mstafeli unaweza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano, mshokishoki mitano au sita, mdoriani saba hadi kumi, na mangostini mara nyingi zaidi ya hapo. Mti wa kubebesha, yaani uliounganishwa na jicho au kitawi cha mti mwingine, huwahi. Ukiwa na mstafeli wa miaka minane usiotoa ua, chunguza kivuli na naitrojeni: mti uliopandwa ukingoni mwa banda la ng'ombe hujaza majani tu.

Lichi ni kisa kingine. Inahitaji majuma kadhaa ya ubaridi na ukavu ili ichanue, na joto la Kampala halibadiliki sana mwaka mzima. Mlichi unaweza kunenepa, ukapendeza, ukawa kivuli cha kupumzikia, bila ua hata moja. Hapo hakuna mbolea itakayokusaidia. Bora kuujua ukweli huo kabla ya kuutengea sehemu nzuri ya kiwanja.

Dalili: maua yapo, matunda hakuna au yamepinda

Stafeli ndogo iliyojikunja upande mmoja, yenye sehemu zilizosinyaa, haina mdudu ndani. Haikuchavushwa vizuri. Ua la ukoo huu huanza likiwa jike, kisha baadaye hugeuka dume, na nyakati hizo mbili hazikutani ndani ya ua moja. Wapo mbawakawa wadogo wanaohamisha chavua. Kwenye kiwanja kilichofagiwa kila siku mbawakawa hao hawana pa kuishi. Acha majani yaliyooza kidogo chini ya mti.

Au fanya kwa mkono, hasa kwa cherimoya na topetope. Alasiri tafuta ua lililofunguka kabisa, ambalo ukiligusa linadondosha unga. Lichukue likiwa juu ya kikombe kikavu, kusanya unga huo. Asubuhi inayofuata tafuta maua yaliyoanza tu kufunguka. Ukichungulia ndani, kitovu kinang'aa kwa unyevu. Hilo ni jike. Chovya brashi ndogo kwenye unga, ingiza kati ya petali, zungusha pande zote. Upande utakaousahau ndio utakaopinda.

Maua ya doriani hufunguka jioni na huchavushwa na popo usiku. Aina nyingi hazijichavushi zenyewe, kwa hiyo panda mbili zilizobebeshwa kutoka miti tofauti.

Shokishoki kutoka mbegu ni bahati nasibu: karibu nusu huwa dume. Ua la dume lina nyuzi ndefu za chavua tu. Ua la kuzaa lina kitumba cha mafundo mawili katikati na ncha yake imegawanyika na kujikunja pande mbili. Ukigundua una dume, usiukate. Punguza matawi, subiri machipukizi, ubebeshe jicho kutoka mti unaozaa, na acha tawi moja la dume litoe chavua kwa mingine.

Dalili: matunda yanaoza au kudondoka kabla ya kuiva

Tundu dogo kama la sindano, chini yake nyama imelainika na ndani kuna funza weupe: inzi wa matunda. Aina iliyo mkali zaidi kwetu ilitoka Asia, ikaonekana kwa mara ya kwanza Afrika nchini Kenya mwaka 2003, na sasa iko kila mahali. Mitego yenye harufu hunasa madume, lakini anayetoboa tunda ni jike, kwa hiyo kwenye kiwanja kimoja mtego pekee hautakuokoa. Funga kila topetope na kila tofaa kwa mfuko wa karatasi linapofika ukubwa wa yai. Okota kila tunda lililodondoka, kila siku, uzike angalau nusu mita kwenda chini au ufunge kwenye mfuko mweusi uliowekwa juani. Ukiliacha chini, funza hutoka na kugeuka pupa ndani ya udongo wa juu, na wiki chache baadaye kizazi kipya kinapaa. Kuku wakiruhusiwa chini ya mti hula pupa wengi.

Tunda jeusi lililosinyaa likabaki limeganda mtini, hasa maua yakikutana na mvua: ni kuvu. Kata matunda hayo yote, fungua katikati ya mti upepo upite. Majani yaliyofunikwa masizi meusi yanayofutika kwa kidole yana chanzo kingine: vidung'ata wenye unga mweupe, wakilindwa na sisimizi wanaolamba utamu wao. Zuia sisimizi kupanda kwa kufunga kitambaa chenye grisi kuzunguka shina, kisha osha vidung'ata kwa maji ya sabuni. Ukianza na vidung'ata ukaacha sisimizi, watarudishwa.

Mangostini yenye nyama iliyokuwa kama kioo, au gundi ya manjano ndani, haikuugua. Ilipata ukavu, kisha mvua kubwa karibu na kuiva. Mwagilia kwa kiasi kilekile kiangazi chote.

Na chiku ngumu, kali, inayokausha mdomo, imechumwa mapema tu. Rangi ya nje haibadiliki sana, kwa hiyo kwangua ganda kwa ukucha tunda likiwa mtini: ukiona kijani, liache, ukiona kahawia au manjano, chuma, ulaze ndani siku chache mpaka lilainike.